Mshauri na Msomaji Wake

Sadallah wa Bungu alizeeshwa na gazeti, tena gazeti lenyewe kurasa nne tu. Liliitwa Mshauri. Lilitoka kila mwezi, likichapwa Dar es Salaam na mabwana wa heshima waliotaka kila kitu kibaki kilivyo: watu walime pamba ya serikali, walipe kodi, wamtii akida. Hakuna aliyelipenda. Ila wenzake walijua herufi za Kiarabu za chuoni tu. Za Kizungu alizijua yeye peke yake, basi likishushwa na jahazi bandarini Nyamisati, akaletewa, lazima alisome barazani. Tarehe hakuitazama hata siku moja. Habari za Mshauri hazikuwa za kuchacha.

Majimaji ilipopamba moto, shemeji yake Mfaume alikunywa dawa, akapigana, akarudi kujificha kwenye mikoko. Mkewe Zabibu, mdogo wake Sadallah, alimpelekea chakula kwenye tope mpaka miguu ikamvimba.

Ndipo Mshauri likaja na tangazo: atakayejisalimisha na silaha yake ndani ya mwezi huu atasamehewa.

"Ni kweli hayo, kaka?" Zabibu aliuliza.

"Gazeti hili linachosha, mdogo wangu, lakini uwongo halijatwambia."

Na kweli halikusema uwongo. Mfaume alitoka na mkuki wake, akaenda bomani kwa miguu yake mwenyewe. Askari wakamwambia Zabibu kuwa msamaha ulikwisha kitambo, mumewe amenyongwa. Sadallah akalichukua gazeti, akatazama juu kabisa. Lilikuwa la miezi mitatu nyuma. Vita viliwazuia manahodha, likakaa ghalani huku mwezi wa msamaha ukipita. Alijichukia, na kujichukia nako kukamchosha.

Toleo jingine lilipofika, watu walikuja barazani wamekauka kwa njaa. Zabibu alikaa mbele. Sadallah alianza na habari za pamba.

"Siyo hiyo, kaka. Nisomee lile la msamaha."

"Nimechoka, Zabibu."

"Na mimi nimechoka. Nisomee."

Hakuna aliyeinuka. Sadallah aliingia ndani, akatoka na lile gazeti la zamani, akalikunjua magotini. Akaanza kusoma, na safari hii alianzia kwenye tarehe.