Picha za Matanga Nilizoomba Zifutwe

Dada yangu alikuwa anashona majoho ya kwaya hapa Kosele, kaunti ya Homa Bay. Mimi nilikuwa nafunga pindo na kushona vifungo, basi. Watu wa kanisa walikuja kutoka Sindo, kutoka Migori mjini, hata Isebania karibu na mpaka, wakisema wamempata kwenye simu. Mtu aliandika "majoho ya kwaya Homa Bay" na duka letu likatokea juu kabisa, na picha ya dada amesimama mlangoni. Sikuwahi kuuliza linatokeaje. Nilidhani simu inajua tu, kama inavyojua saa.

Alipofariki, kwaya alizozivalisha zilikuja matanga karibu zote, kila moja na majoho yake. Zambarau, kijani, damu ya mzee. Sikuwa nimewahi kuona kazi yake nyingi hivyo mahali pamoja. Waliimba wamelizunguka jeneza, na simu zilikuwa juu kila upande. Baadaye nikasikia picha zimejaa mitandaoni. Watu waliandika jina la dada na jina la duka, "lala salama fundi wetu," na wengine wakaweka linki ya tovuti yake ili asiyemjua amjue. Makanisa yaliandika kwenye tovuti zao. Redio moja ya huku pia. Mimi sikuangalia hata picha moja. Sikuweza.

Baada ya mazishi mimi na ndugu zangu tulikaa tukakubaliana: niendeshe duka hadi mwisho wa mwaka. Kazi ikikatika, cherehani zirudishwe nyumbani upande wa Migori, nami nirudi huko nikalime. Nilikuwa nimeishi na dada pale Kosele tangu nilipoacha shule. Sikutaka kurudi. Nilitaka kubaki pale alipokuwa anakaa, na sikumwambia mtu.

Simu ikanyamaza. Wiki zikapita bila mtu kuulizia joho. Kisha mama mmoja akapiga kutoka Migori.

"Pole sana, mama. Kumbe hii duka ilifungwa?"

"Haijafungwa. Niko ndani."

"Ai! Mimi niliandika majoho, nikaona jeneza. Nikajua basi. Tumeshapeleka kwa fundi mwingine."

Nikaandika maneno yale kwenye simu yangu. Ilikuwa kweli. Kitu cha kwanza kilikuwa jeneza, na wanawake wa zambarau wamelizunguka. Chini yake, jeneza tena, limepigwa picha kutoka upande mwingine. Niliigeuza simu kifudifudi juu ya meza.

Nikafanya nilichoona ni sawa. Niliwapigia viongozi wa kwaya na watu wa redio ile, mmoja baada ya mwingine, nikiwaomba wafute picha za matanga na maneno waliyoandika. Mwalimu mmoja wa kwaya, mzee, aliniuliza kwa sauti ya woga, "Mama, tulikosea?"

"Hamkukosea, baba. Ila zinafanya watu wadhani duka limekufa."

"Ni kweli. Mtu akishazikwa, jeneza halibaki barabarani. Tutazifuta leo."

Hakuna aliyebisha. Kwetu huku mfiwa habishiwi, hata akiomba jambo lisiloeleweka. Walifuta kweli, na makanisa yakafuta, na redio ikafuta. Nikakaa nikingoja duka lirudi kama zamani, na picha ya dada mlangoni.

Duka likapotea kabisa. Kila nilipoandika yale maneno, yalitokea maduka ya Kisumu, ya Nairobi, na mtu anayeuza mapazia. Sisi hatukuwepo.

Nikaenda kwa mwanamke mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, hapa sokoni, ambaye ndiye aliyemtengenezea dada ile tovuti. Alibonyeza, akaangalia, akanitazama.

"Auntie, umefanya nini?"

Nikamweleza. Akashika kichwa.

"Umewaambia watu wote waliokuwa wanakusema vizuri wanyamaze!"

"Walikuwa wanasema kuhusu kifo."

"Walikuwa wanataja duka. Sikiliza. Laiki zenyewe hazipandishi duka. Ni kile kinachofuata. Mtu anaona picha, anataka kujua, anatafuta jina la duka, anafungua tovuti. Mwingine mwenye tovuti yake, kanisa au redio, anaona na yeye anaandika, anaweka linki. Hizo linki ni kama mashahidi. Injini ya utafutaji ikiona mashahidi wengi, inasema huyu anajulikana."

"Na kwa nini ilionyesha jeneza?"

"Kwa sababu jeneza ndilo watu walikuwa wanafungua. Injini haijui kulia, auntie."

Nilielewa kila neno na sikuelewa jambo lenyewe. Ina maana matanga ndiyo yaliyokuwa yamelishika duka? Na mimi ndiye niliyelishusha, nikidhani nalisafisha? Nikamwuliza nani huko ndani anayeamua. Akasema hakuna mtu. Hilo likanichanganya zaidi.

Akanishauri mambo mawili. La kwanza, niwaombe watu warudishe. Nikaona aibu hata kulifikiria. La pili, ukurasa wa dada mtandaoni ulikuwa bado na wafuasi wengi. "Andika tu 'karibuni, tunashona.' Usiseme ni nani anaandika. Watu wataendelea kuja."

"Siwezi kuongea kwa mdomo wa mtu aliyezikwa."

"Biashara si kanisa, auntie."

"Majoho ni ya kanisa."

Akacheka, akaniachia kiti. Niliandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja: Aliyekuwa anashona amefariki. Mimi ni mdogo wake. Duka liko wazi. Bado najifunza.

"Nani atampa kazi mtu anayesema bado anajifunza?" akauliza.

Hakunipa mtu. Walioandika waliandika pole, na mishumaa, upya, kama vile kifo kimetokea jana. Hakuna aliyeuliza chochote kuhusu joho.

Siku moja nikameza aibu, nikasafiri hadi Sindo kumwona kiongozi wa kwaya ambaye dada alimpenda, mwanamke mkubwa mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Nilimkuta anaanika omena, dagaa wa ziwani. Nikamweleza yote. Akaniangalia, akaacha omena.

"Kwanza ulituambia tufute. Sasa unataka turudishe? Nyathina, unazika au unafukua?"

Aliniita mtoto wake, na nilihisi hivyo. "Sijui, mama," nikasema. Ndiyo ilikuwa kweli yote niliyokuwa nayo. Kisha nikamwuliza kama amebaki na picha yoyote, kwa sababu mimi sikuwahi kuzitazama. Akasema walifuta zote, hata za ndani ya simu, kwa heshima yangu.

Omena zilikuwa zinanuka jua.

"Jeneza haturudishi," akasema. "Lakini nikuambie jambo moja. Majoho haya tumevaa miaka mingi, tumeimba kila mahali, tumejipiga picha mpaka simu zimejaa. Hatukuwahi kuandika nani aliyashona mpaka siku aliyokufa. Hiyo aibu ni yetu, si yako."

Jumapili iliyofuata waliimba nje ya kanisa lao, wakajirekodi, wakaiweka kwenye ukurasa wao na kwenye tovuti ya kanisa. Chini waliandika majoho yalishonwa wapi, na linki. Kwaya ya Homa Bay mjini ikaona, ikajibu kwa video yao: "Zambarau yenu imepauka, tazameni kijani!" Sindo wakajibu kwamba kijani ni cha mboga. Wengine wakaingia. Kwaya ni watu wa mashindano, hata kama wanaimba habari za unyenyekevu. Walitaniana hivyo kwa muda mrefu, na kila mmoja alitaja duka ili kuonyesha kwamba joho lake ndilo halisi. Watu wasiowajua wakaanza kuuliza ni duka gani.

Sikuposti chochote mimi. Nilikuwa nafagia duka tupu, na nikijaribu kushona miili na mikono ya majoho kwa vitambaa vilivyobaki.

Mwanzoni hakukuwa na badiliko. Kisha mwenye saiba akaniita kutoka ng'ambo ya barabara, amenyoosha simu. Tulikuwa tumerudi, si juu kabisa, lakini tulikuwepo. Kilichotangulia kilikuwa wanawake wa Sindo, midomo wazi.

Mtu wa kwanza kuja alikuwa mwalimu wa kwaya kutoka Migori, kijana kiasi, amevaa tai.

"Wewe ndiye fundi?"

"Fundi alifariki."

"Lakini ile video ni ya juzi."

"Kuimba ni kwa juzi. Majoho ni ya zamani."

Akatazama cherehani, akanitazama. "Na wewe unaweza?"

"Mwili naweza, mikono naweza, pindo naweza. Kola sijui. Kola alishona yeye peke yake."

Akageuka kuelekea mlangoni. Nilijua nimemfukuza. Nilikuwa tayari naona shamba la nyumbani.

"Joho lazima liwe na kola?" akauliza.

"Sijui. Nimezoea kuyaona hivyo."

"Kwetu kuna joto. Tushonee bila."

Nikayashona, shingo ya mviringo tu, nikafumua mara kadhaa. Waliimba nayo, wakaweka picha, wakaandika yameshonwa na nani. Baada ya hapo watu wakaanza kupiga wakitaka "yale yasiyo na kola." Mwenye saiba anasema kuna wanaoandika maneno hayo hayo kwenye simu na kufika kwangu. Nisichokijua ndicho wanachokitafuta. Wakati mwingine najaribu kola kwenye kipande cha kitambaa, inakaa upande, na sijui kama nijifunze au niache.

Mwaka ulipoisha niliwapigia ndugu zangu nikawaambia cherehani zinabaki, na mimi nabaki. Wakauliza kazi imerudi vipi. Nilianza na matanga, nikaenda kwenye linki, nikapotea katikati. Upande wa pili walikuwa wananingoja. Mwishowe nikasema sijui vizuri, lakini mezani kuna majoho ya kwaya mbili, na wanayataka kabla ya Pasaka.