Mjumbe Kwanza, Kompyuta Baadaye

Wifi yangu Elinipa hamwamini hata muuza nyanya aliyemzoea. Akiuziwa fungu analimwaga, analipanga upya mbele ya mwenye genge, na mwenye genge alishanuna mpaka akachoka. Basi siku kompyuta yake ilipokufa nikajua nimekwisha, maana mimi Recho, mke wa kaka yake, ndiye ninayeburuzwa kila anapokwenda kununua kitu.

Kazi yake ni video. Sendofu, kipaimara, kwaya. Ukiwa na shughuli hapa Kongowe yetu ya Kibaha, utamkuta na kamera yake anawasukuma watu watoke mbele. Lakini kupiga ni mwanzo tu. Kazi yenyewe ni kukaa ndani kukata na kuunganisha, na hapo inatakiwa mashine yenye nguvu. Ile ya kwake ilizima katikati ya video ya kwaya ya usharika, haikuwaka tena. Kwaya walikuwa wanaitaka kabla ya tamasha lao la mwisho wa mwezi. Akiwakosa wale, na wengine wote watasikia, na wifi yangu atarudi kuuza dukani kwa mtu, kitu alichoapa hatakifanya tena maishani. Fundi akamshauri atafute kompyuta ya gemu iliyotumika. Zile wanazochezea vijana mpira na vita, alisema, zinabeba video nzito bila kukwama.

Akaipata mtandaoni. Muuzaji anaitwa Halidi, yuko Kisarawe, na bei yake nzuri. Hiyo bei nzuri ndiyo iliyotuletea balaa.

"Wifi, kwa nini anauza rahisi hivi?"

"Labda ana shida zake."

"Shida gani asiyoisema? Huyu kaiba."

Akaikuza picha. Kompyuta ilikuwa juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. "Kijana wa kiume na vitambaa vya kufuma wapi na wapi? Hapo ni sebuleni kwa watu. Kaingia, kapiga picha hukohuko." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

Halidi alikuwa anajibu kwa adabu. "Karibu dada, njoo uiwashe mwenyewe, usitume hela kabla hujaiona." Mtu mwingine angeshukuru Mungu. Elinipa akaniambia, "Umeona? Matapeli wa siku hizi wana lugha tamu. Anataka twende na hela mfukoni, watupokee njiani." Nami siwezi kumlaumu sana. Aliwahi kununua simu mjini, akafika nyumbani akafungua boksi, akakuta mche wa sabuni. Tangu siku hiyo machale hayajaacha kumcheza.

Jumamosi tukakodi bajaji tukapitia Kiluvya. Njia nzima alikuwa anageuka kuangalia nyuma. Pikipiki ikitufuata kidogo, ananifinya. Hela aliigawa: nyingine kwake, nyingine aliniingizia mimi kwenye sidiria bila hata kuniomba. Halidi akampigia simu, bila shaka kuuliza tumefika wapi. Hakupokea. Akapiga tena. Hakupokea.

"Twende kwake basi," nikasema tulipofika Kisarawe.

"Thubutu! Mjumbe kwanza."

Hapo sikumbishia. Hata kwetu mtu ukinunua kiwanja au pikipiki, unapita kwa mjumbe wa mtaa, anakushuhudia. Lakini unapita na muuzaji, mnakwenda wote wawili. Elinipa alitaka tuende peke yetu, tukamchunguze mtu kabla hajatuona. Tukauliza mtaa aliotutajia Halidi, tukaelekezwa nyumba ya mjumbe, Mzee Maneno. Tulimkuta barazani na mkewe, Bi Hamisa, aliyekuwa anachambua mchele.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni wanangu."

Tulipewa viti. Tungeulizana habari za nyumbani kwanza, kama watu. Wapi! Wifi yangu akafungua mdomo: "Mzee, tuna wasiwasi na kijana wa mtaani kwako, anaitwa Halidi. Anatuuzia kompyuta, na sisi tunahofia ni mali ya wizi. Tabia yake ikoje?"

Bi Hamisa akaacha kuchambua. Mzee Maneno alimtazama mkewe, kisha akatutazama sisi.

"Halidi huyu wa hapo chini?"

"Huyohuyo."

"Halidi huyo," akasema taratibu, "anamuoa binti yangu mwezi ujao."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze na hela zangu za sidiria. Bi Hamisa akasimama, mchele ukamwagika. "Wizi? Mbona alisema ana kazi? Baba Mwajuma, umesikia?" Elinipa akaanza kusema hapana mama, sikusema kaiba, nimesema tunahofia. Nani wa kumsikiliza? Mzee alishavaa kofia yake, yuko njiani.

Halidi alikuwa mlangoni anatusubiri. Soda tatu mezani, kompyuta imeshawashwa. Alipomwona mkwewe anakuja na wanawake wawili asiowajua, na Bi Hamisa nyuma anahema, uso ukamshuka.

"Kijana, hii kompyuta umeitoa wapi?"

Halidi hakupandisha sauti. Akaleta risiti ya dukani, jina lake lipo. Akaeleza, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba anaiuza anunue kitanda na kabati, bibi harusi asije akaingia nyumba tupu. Hakutaka ukweni wajue kwamba anauza vitu vya ndani. Vitambaa, alivifuma dada yake. Mzee akaisoma risiti, akamrudishia. Bi Hamisa akamshika bega, akamwita mwanangu, na pale nikapumua. Ndoa ilipona.

Elinipa akaiangalia ile mashine. Akaomba aijaribu na video aliyokuja nayo, ikacheza laini, bila kukwama hata mara moja. Niliona macho yake yanang'aa. Akaomba radhi mbele ya wote, na kwa kweli aliomba vizuri. Kisha akanigeukia nitoe hela.

"Dada, nimekusamehe," Halidi akasema. "Ila siuzi."

"Nakuongezea."

"Siyo bei. Leo haijaharibika na umeshaniita mwizi mbele ya wakwe zangu. Ikizima kesho huko Kibaha, utaniita nani?"

Elinipa alimtazama Mzee Maneno amsaidie. Mzee akaangalia pembeni. Tukanywa soda zetu, maana kuziacha ingekuwa tusi la pili, tukaaga.

Alitafuta nyingine wiki nzima. Moja ilikuwa mbovu kweli, nyingine mwenyewe akaacha kupokea simu. Jumatatu akampigia mwalimu wa kwaya, mimi nimekaa pembeni yake, akamwambia watafute mtu mwingine. Mwalimu akamuuliza kwa nini, akasema mashine imekosekana. Akakata simu, akakaa.

"Wifi," akaniambia, "yule kijana alikuwa ananiuzia kweli."

"Ndiyo," nikamjibu. "Alikuwa anakuuzia."