Ndoo ya Nne

Stesheni ya Urambo, mama mmoja alifika kwenye mizani na ndoo nne za asali, kila moja kilo sita.

"Shikamoo mama. Mzigo wa abiria mmoja usizidi kilo ishirini," karani alimwambia.

Mama akahesabu kwa vidole. "Sita mara tatu, kumi na nane. Ya nne haiingii." Akaufuta mfuniko wake kwa ncha ya kanga. "Na hii ndiyo ya mkwe wangu." Akamwachia muuza karanga mmoja wa pale stesheni.

Mimi nyuma yake nikaitikia kwa kichwa, maana hesabu ilikuwa sahihi. Treni ilipokaribia Tabora ndipo nikaitazama mikono yangu. Nilibeba gazeti tu. Tulikuwa abiria wawili, kilo arobaini, nami sikujihesabu.