Mshonaji na Meza ya Kugeuzia Injini

Dereva alibakiwa na mkono mmoja unaofanya kazi na ulimi unaofanya kazi ya watu kumi. Kiharusi kilimlaza upande mzima wa kulia, kikachukua mguu, kikachukua mkono, kinywa kikakiacha kama kilivyo, na mimi hadi leo naona hapo ndipo kilipokosea. Alikuwa ameendesha treni tangu ujana wake, kwanza za makaa, kisha za dizeli, na hata alipostaafu alitaka aitwe Dereva. Ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, alijifanya amelala.

Aliyemuuguza ni dada yake, mdogo wake wa kufuatana, mjane, fundi wa kushona nguo. Mimi ni seremala, jirani yao, ukuta wangu ndio ukuta wao, na ninayoyasimulia niliyaona kwa macho au niliyasikia kupitia ukuta huo. Dereva hakuwa mtu wa kunong'ona.

Nyumba ilikuwa ya Dereva, na neno hilo dada yake alilisikia kila siku pamoja na salamu ya asubuhi. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ndicho alichokuwa akishonea. Wapita njia waliona nguo zimetundikwa, wakaingia, wakapimwa. Kiharusi kilipokuja, Dereva akataka kitanda chake kihamishiwe humo ili apate hewa. Ni kitanda cha chuma cha hospitali, chenye magurudumu manne. Baada ya hewa akataka na reli zake. Alikuwa na treni za mfano, alizozinunua moja moja maisha yake yote, na sasa zilitandazwa juu ya mbao ndefu mbele ya miguu yake, zikaenda ukuta hadi ukuta, na nafasi iliyobaki dirishani akasema ni ya reli zijazo. Cherehani ikatolewa nje, barazani, chini ya bati linalovuja.

Mvua ya kwanza ilipopiga, gauni jeupe la bibi harusi likapata michirizi ya kutu kifuani. Mama wa bibi harusi alilitupa gauni lile miguuni pa mshonaji na kumwambia maneno ambayo sitayarudia. Dereva alisikia yote kupitia dirishani. Akacheka.

Siku hiyohiyo dada yake aliingia na kumwomba chumba. Nilikuwepo, nilikwenda kutengeneza bawaba ya mlango, kwa hiyo hakuna wa kuniambia natia chumvi. Dereva alitazama reli zake, kisha akasema, "Nijengee meza ya kugeuzia injini. Siku itakayofanya kazi sawasawa, reli zote zinahamia chumba cha nyuma, na wewe unarudisha hilo lidude lako hapa. Fundi huyo hapo shahidi."

Mshonaji akanigeukia. Nikatikisa kichwa kukubali, basi na mimi nikawa nimeingizwa.

Kwa asiyejua: injini za zamani za makaa zilikuwa na mbele na nyuma. Zikifika mwisho wa njia haziwezi kurudi vizuri kinyumenyume, lazima zigeuzwe. Basi huchimbwa shimo la duara, ndani yake likawekwa daraja fupi la reli linalozunguka juu ya mhimili wa katikati. Injini inapanda, daraja linazunguka nusu, injini inatoka inatazama ilikotoka. Ukiwa na wanaume wanaojua kazi, ni jambo jepesi. Kulijenga dogo, lenye upana wa sinia, kwa mikono isiyowahi kushika chochote kigumu kuliko mkasi, ni balaa.

Meza ya kwanza aliichora mwenyewe juu ya plaiwudi yangu, kwa uzi na chaki, kama anavyochora sketi ya duara. Duara safi kabisa. Nilikata palepale alipochora. Tulipoweka daraja ndani, pengo kati ya daraja na reli za nje likatosha kuingiza kidole. Dereva akaileta injini, akiiendesha kwa kisanduku cha umeme kilicholazwa kwenye mkono wake mzima, nayo ikafika ukingoni ikatumbukia shimoni kwa pua.

"Umepimaje wewe?" akauliza.

"Nimepima sawa, kaka. Halafu nikaacha nafasi ya mshono, kuzunguka kote."

Nafasi ya mshono, kwenye mbao! Nakiri nilicheka. Mikono yake ilikuwa imeacha nafasi hiyo kwenye kila kitu ilichokata tangu akiwa msichana, ikaiacha na hapo bila kumuuliza mwenye mikono. Lakini mimi nilicheka mara moja nikaacha. Dereva alicheka mpaka akapaliwa, dada yake akamwinua na kumpigapiga mgongo, na alipopata pumzi jambo la kwanza alilosema ni, "Vunja." Tangu siku hiyo hakumwita dada tena. Alimwita Mshono. Mshono, niletee maji. Mshono, nigeuze.

Maana kumgeuza ilikuwa kazi nyingine. Mtu wa namna ile ukimwacha analala upande mmoja, ngozi inaoza. Mshonaji alimgeuza asubuhi, mchana na jioni: upande huu, mgongoni, upande ule, mito katikati ya magoti. Ngozi ya mzee yule ilikuwa laini kuliko yangu. Daktari alipokuja alimsifu, na Dereva akasema, "Ni mimi nina damu nzuri."

Meza ya pili haikuwa na pengo. Alipima kwa wembe, daraja likapita ukingoni bila kugusa wala kuachana. Ila mhimili ulikuwa msumari, na daraja likawa linayumba. Dereva aliitazama ikizunguka mara moja tu. "Jino la mtoto hilo," akasema. "Ivunje hapahapa, kwa nyundo. Nataka niione." Akaivunja mbele yake. Mimi ndiye niliyemwazima nyundo.

Ya tatu, sasa, alitulia nayo. Mhimili aliutoa kwenye beringi ya baiskeli mbovu. Magurudumu ya ncha za daraja aliyatengeneza kwa bobini za cherehani, vile vigurudumu vya kukunjia uzi, na mkono wa kuzungushia ulikuwa gurudumu la cherehani ya zamani aliyorithi kwa mama yao, ambayo aliifungua vipandevipande akilia. Alilia, sisemi uongo, na alifungua hivyohivyo. Ikazunguka kama mafuta juu ya maji, lakini daraja likifika nusu mzunguko, umeme unakatika, kisanduku kinapata moto, na harufu ya kuungua inajaa chumbani. Alibadilisha nyaya, akabadilisha tena. Vidole vikaungua kwa chuma cha kulehemu hadi akashindwa kuvuta uzi kwenye tundu la sindano. Wateja waliokuwa wamebaki wakaanza kwenda kwingine, maana nguo zao zilikuwa hazimaliziki.

Mwishowe alikwenda kwa fundi redio, naye akamwonyesha kwa kuchora mchangani: reli ya kulia ikishazungushwa nusu inakuwa ya kushoto, umeme unakutana na mwenziwe, shoti. Akarudi nyumbani, akakata pete ya shaba vipande viwili, akaipachika chini ya mhimili ili umeme ubadilike kila daraja linapogeuka. Ikatii. Akamweleza kaka yake kwa furaha, kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," Dereva akasema. "Nilitaka nione itakuchukua muda gani."

Hapo nilimtazama mshonaji usoni. Hakukasirika. Alikuwa anakitazama kile chumba, dirisha, mahali cherehani itakapokaa.

"Bado kitu kimoja," Dereva akaendelea. "Haifungi. Dereva haondoi injini mezani mpaka asikie kufuli limeingia. Nikilala hapa nikafumba macho, nataka nisikie."

Basi akaongeza kufuli. Alichukua kifungo cha kubana, vile vya nyuma ya gauni, akapachika kipande kimoja kwenye daraja na kingine kwenye ukingo. Daraja likifika sawasawa na reli, linasema *tik*. Sauti ndogo, safi. Dereva alifumba macho, akasikiliza, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akitoa kasoro. Alisema tu, "Waiteni wenzangu."

Wakaja Jumapili, wastaafu watatu wa reli na fimbo zao, wakakaa kwenye viti nilivyoleta kutoka kwangu. Mshonaji alivaa gauni lake zuri. Alikuwa ameshaipangusa cherehani na kuifunika kitambaa safi, tayari. Alikaa kando ya meza akizungusha gurudumu, Dereva akaendesha injini kwa mkono wa kushoto. Injini ikapanda, ikasimama katikati. Daraja likazunguka. *Tik.* Injini ikatoka inatazama ilikotoka. Wazee wale walipiga makofi, na mmoja akafuta machozi.

"Umeijenga wewe hii?" akauliza.

"Kwa mkono huuhuu mmoja," akasema Dereva, na akauinua.

"Na shemeji yetu hapa?" Yule mzee alidhani ni mke.

"Huyu? Huyu ananiokotea skrubu. Subirini niwaambie alichonifanyia mwanzo." Akawasimulia nafasi ya mshono. Aliisimulia vizuri, siwezi kumnyima hilo, kwa sauti ya dada yake na macho yake ya kuduwaa, na wazee wakashikana mabega kwa kicheko. Mshonaji alikuwa amesimama na sinia la chai. Akatabasamu, kama mtu anavyotabasamu akikanyagwa kidole na mkubwa wake.

"Sasa," akasema Dereva, "kilichobaki ni mabanda ya injini. Sita, yamezunguka meza, mpaka pale dirishani."

"Na chumba, kaka?"

"Chumba gani?"

"Ulisema siku itakayofanya kazi. Fundi alikuwepo."

Dereva aliwageukia wenzake. "Mshono anataka kushonea humu, injini ziende nyuma kwenye giza. Kule nje ana mwanga wa bure, ana upepo, bado analalamika." Wakacheka tena, kidogo, kwa adabu. Mimi nilifungua mdomo. Dereva akaniangalia, akasema, "Fundi, hayo mabanda utanikatia wewe, au nimtafute mwingine?" Nikaufunga mdomo. Nina watoto wanaokula.

Wageni walipoondoka nilibaki kukusanya viti vyangu. Ilikuwa saa ya kumgeuza. Mshonaji alimwosha uso, akambadilisha shuka, akamlaza mgongoni, mto chini ya magoti, yote kwa taratibu ileile. Kisha akapiga magoti sakafuni na kuondoa matofali yaliyozuia magurudumu ya kitanda.

"Unafanya nini?"

Mshonaji alikivuta kitanda hadi kikawa huru, akashika chuma cha miguuni, akakizungusha polepole, akiangalia pembe zisiguse kitu, mpaka kichwa cha Dereva kikawa upande wa reli na miguu yake upande wa ukuta. Nusu mzunguko kamili. Akainama, akapima kwa jicho, akakisogeza kidogo. Akarudisha matofali.

Mbele ya Dereva sasa kulikuwa na ukuta wa kijani uliobanduka rangi. Akigeuzwa kulia, ni kabati. Akigeuzwa kushoto, ni mlango, na mlango unafungwa.

Alipiga kelele, ukuta wangu shahidi. Alitukana, akamtaja marehemu baba yao, akasema nyumba ni yake. "Ndiyo, kaka, ni yako," dada yake akajibu, na akatoka kwenda kuchukua cherehani. Alipoinyanyua barazani alinitazama, nikaja nikashika upande wa pili. Tuliiweka dirishani, pale palipotakiwa kuwa mabanda sita.

Hajawahi kumkosesha chakula. Hajawahi kumchelewesha dawa. Daktari bado anamsifu, ngozi haina hata alama. Wale wastaafu walirudi mara moja tu, Dereva akawalilia wamgeuze, na mshonaji akawaambia kwa upole kwamba kuziona injini kunampandisha presha. Waliamini, au walitaka kuamini. Mimi pia aliniomba. "Fundi, kidogo tu, nione." Nikamwambia mimi ni mtu wa mbao, mambo ya wagonjwa siyajui. Nilijisikia vizuri sana kulisema hilo, na sitaki kumdanganya mtu.

Wateja wamerudi. Nguo zimetundikwa dirishani. Na kila alasiri, akimaliza kazi ya watu, mshonaji anawasha kisanduku cha umeme na kuendesha injini nyuma ya kichwa cha kaka yake.

Nilikuwepo jana, nimepeleka kigoda. Injini ilipanda mezani, ikasimama. Dereva alikuwa anatazama ukuta, shingo imekakamaa, na uso wote unasikiliza. Gurudumu likaanza kuzunguka. Nikaona midomo yake ikihesabu njia, akiliona daraja kichwani, robo, nusu kasoro. Karibu kabisa na reli, unene wa nyuzi chache tu kabla ya kufuli, mshonaji akaachia gurudumu. Akanyanyuka, akaenda kukaa kwenye cherehani, akatafuta uzi wa rangi.

"Haijasema tik," akasema Dereva.

Mshonaji alipitisha uzi kwenye tundu la sindano.

"Bado haijafunga. Imeinama pale, itadondoka." Sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Dada. Dada yangu, isogeze tu kidogo."

Lile neno hakuwa amelitumia tangu siku ya plaiwudi. Mshonaji alilisikia, maana mikono yake ilisimama juu ya kitambaa. Kisha akaweka mguu kwenye pedeli, akashona pindo lote la ile sketi bila kuinua macho, na injini ikabaki pale ilipo.