Maji Anayoyakataa Chelel

Kila asubuhi, kabla ya kukama, Mzee Kiptum hushuka mtoni, huchota maji kwa kiganja, huyanusa, hutema mate, kisha hukunja uso akitazama juu darajani. Huko ndiko Gitonga, jirani aliyetoka Murang'a, huosha pikipiki za watu. Kiptum hakuhitaji ushahidi mwingine.

Ng'ombe wake Chelel, aliyezoea kujaza ndoo, alikuwa ameanza kuyanusa maji ya mto na kugeuka kama bibi harusi aliyeletewa bwana asiye wake. Maziwa yakapungua hadi mama wa nyumba akapika strungi, chai isiyo na maziwa, na ng'ombe yuko zizini. Kwa Mkipsigis, huo ni karibu msiba. Kiptum akaapa kumpeleka Gitonga kwa chifu. Akavaa koti la kanisani, akamchukua binti yake Nelvine, anayesoma sayansi ya mazingira chuoni, awe shahidi.

Nelvine, ambaye hata kuagiza soda humtoa jasho, alisema kwa sauti ndogo kwamba afadhali waanze kwa kuwauliza wadudu.

Chini kidogo ya daraja alipindua mawe, akakinga kichujio cha chai. Vikaingia vidudu bapa vyenye mikia mitatu. Hivi, alieleza, huishi penye maji yenye hewa nyingi. Mto ukichafuka, ndivyo hufa kwanza. Kiptum alivitazama kama mashahidi waliohongwa. Gitonga naye hakusamehewa: mafuta ya pikipiki yalielea ukingoni, na Nelvine akamwomba achimbe shimo la maji machafu. Gitonga akakubali, akaleta birika.

"Karibu chai, mzee," alisema. "Hii ina maziwa."

Kiptum hakuigusa.

Wakafuata mto wote watatu hadi mwisho wa shamba la Kiptum. Nelvine akapindua jiwe, akapindua jingine. Hakukuwa na kitu ila konokono mmoja. Basi sumu ilikuwa inaingia kati ya daraja na hapo, na katikati hapakuwa na shamba la mtu mwingine. Gitonga, kwa adabu, akaanza kutazama mawingu.

Nelvine akamgeukia baba yake. Kumhoji baba mbele ya jirani si jambo dogo, lakini Chelel alikuwa na kiu.

"Baba, lile bomba la kupulizia ng'ombe dawa ya kupe, huwa unalioshea wapi?"

"Mtoni," alisema Kiptum. "Nyumbani kuna kuku, dawa ile itawaua."