Neno la Oom Gawie

Babu yake Damon Februarie alinunuliwa mnadani mwezi wa Februari, na bwana wake hakujisumbua kumtafutia jina jingine. Basi ukoo mzima ukabaki Februarie. Damon mwenyewe, bawabu na mpika kahawa wa Bunge la koloni la Rasi, kusini mwa Afrika, hakuwa na kinyongo na jina. Yeye alijivunia kura yake. Kila uchaguzi alivaa koti la kanisani, akaenda kuitamka kwa sauti mbele ya watu, kama sheria ilivyotaka.

Sasa ukaja mswada wa kuwafuta daftarini wapiga kura wenye vijumba kama chake. Mkewe, Rosina, akamwandama.

"Nenda kamwambie Gawie wako! Si mmenyonya ziwa moja nyie?"

Kweli, walinyonya ziwa moja. Mama yake Damon ndiye aliyemlea Gawie Terblanche kule shambani, kabla hajawa kigogo wa Makaburu bungeni. Hata hivyo Damon alimwita Bwana. Oom, yaani ami, walikuwa wakiitana Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Mzee wa rangi ya Damon aliitwa Outa, basi.

Damon akampelekea Terblanche kahawa, akamweleza. Mzee akakoroga huku akicheka.

"Outa, wasiwasi wa nini? Maadamu nimo humu ndani, mswada huo haupiti. Hilo ni neno langu."

Siku hiyo Damon alikula wali wake wa manjano kwa raha zake.

Loo! Jumatatu Spika akatangaza kwamba Mheshimiwa Terblanche anastaafu leo hii, anarudi kwenye mizabibu yake. Sifa zikamiminika. Hata Bwana Pelham, Mwingereza aliyewahi kumwita beberu mwenye ndevu, alisimama akipangusa macho.

"Oom Gawie ni ami yetu sote," alisema. "Hakuna mtu katika koloni hili atakayedai kwamba alimvunjia ahadi!"

Wakashangilia, wakagonga meza. Damon alisimama mlangoni na sinia lake. Maadamu nimo humu: kumbe mzee alikuwa amekwisha kufunga mizigo. Alitaka kumchukia, akashindwa. Alitaka kulia, akaona haya.

Wakanywa kahawa, kisha wakarudi kazini. Kiti cha mzee kilikuwa kitupu. Mswada ukasomwa, ukapita, wala hapakuwa na kelele.

Terblanche alikuwa barazani akingoja gari lake la farasi. Damon akamletea kofia yake.

"Usininunie, Outa," mzee alisema. "Sikulivunja neno langu. Nilisema maadamu nimo ndani."

"Hukulivunja, Oom Gawie."

Mzee akageuka. "Umeniitaje?"

"Oom. Si wamesema wewe ni ami yetu sote?" Damon akampa kofia. "Na neno lako zima kabisa, Oom. Nenda nalo shambani."

Gari likafika, mzee akapanda.

Uchaguzi uliofuata, asubuhi na mapema, Damon alivaa koti la kanisani, akalifunga vifungo vyote, akashika kofia.

"Baba watoto, waenda wapi?" Rosina akamuuliza.

Damon akasimama pale mlangoni, akamtazama.

"Aa," alisema, akaanza kufungua vifungo.