Tumbawe la Bahari Sebuleni Mukurweini

Mume wangu alipostaafu kutoka hoteli ya pwani alikokuwa akitunza matangi ya samaki, hakuniletea kanga wala nazi. Alishuka kwetu Mukurweini, kwenye baridi ya milimani, na tangi la kioo, taa yake, pampu ya hewa, mitungi ya maji ya bahari na ndoo iliyofunikwa taulo. Ndani ya ndoo mlikuwa na tumbawe hai lililoshika jiwe. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, mwezi wa Julai, na manyunyu yalikuwa hayajakatika tangu asubuhi.

Tulikuwa tumeoana muda mrefu na kukaa pamoja kidogo. Alikuwa mtu wa Krismasi na mazishi. Sasa watu walisema amerudi kabisa, nami nilitaka sana iwe kweli. Yeye alikuwa akitetemeka ndani ya makoti mawili. Aliweka tangi juu ya kabati la sebuleni, akalijaza maji ya bahari, kisha akaniambia wazi:

"Mama watoto, hii kitu ikikufa, mimi narudi Mombasa. Siwezi kaa hapa naangalia matope."

Nilikasirika. Mwanamume mzima anafunga maisha ya nyumba yake kwa mdudu wa baharini! Lakini hasira haikuninyima akili. Tangu siku hiyo tumbawe likawa kazi yangu pia.

Lilikuwa la kahawia, nene, lenye umbo la uyoga, na likiona raha lilitoa vidole vidogo vidogo juu yake. Mume wangu hakulitumbukiza tu. Alichota maji ya tangi kwa kikombe, akayamimina ndani ya ndoo, akangoja, akamimina tena, mpaka chai niliyomwekea ikapoa. Halafu akanawa mikono bila sabuni, akashika jiwe, si nyama yenyewe, akaliweka chini kabisa, mbali na taa na mbali na msukumo wa pampu. Alisema angeliinua polepole likizoea mwanga. Hilo nililielewa bila kufundishwa, maana miche ya kahawa nayo tunaianzisha chini ya kivuli cha nyasi, tukizipunguza kidogo kidogo. Jambo moja tu alinipigia kelele: nisiguse yale maji nikitoka kupulizia kahawa dawa, kwa sababu shaba iliyo ndani yake ingeliua.

Dawa tuliichunga. Uji hatukuufikiria. Mama yake, ambaye nyumba nzima ilimwita shosho, alikuja kuona. Kwetu mtu haingii nyumbani akakaa na njaa. Alivitazama vile vidole vikipepea, akauliza linakula nini. Mume wangu akamjibu kwamba mwanga unalitosha. Shosho akasonya. Tulipotoka kukamua ng'ombe, alimimina kibuyu cha uji mchachu ndani ya tangi.

"Ati taa? Nani anashiba taa?" alituuliza tuliporudi. "Nimeipea kitu ya tumbo."

Maji yalikuwa meupe, na tumbawe lilikuwa limejikunja. Mume wangu alitoa maji machafu, akamimina yote ya akiba, nayo hayakutosha. Kesho yake alibeba mitungi mitupu kwenda Mombasa kuteka mengine.

"Iangalie isikufe," aliniambia langoni.

Nilijua mambo yalivyo. Likiishi, angerudi na maji na kukaa. Likifa, angerudi kuchukua nguo zake.

Stima ikapotea, taa ikazima. Nilijaza chupa maji ya moto, nikazifunga vizuri, nikaziteremsha ndani ya tangi na kulizungushia blanketi la kitanda changu, tumbawe lisishikwe na baridi. Pampu ilipolala, nilichota maji kwa kikombe na kuyarudisha kutoka juu yapate hewa. Yalipopungua niliongeza ya mvua mpaka kwenye mstari aliouchora, kwa kuwa chumvi haitoki na mvuke. Shosho nilimkalisha jikoni na uji wake. Nililiombea kanisani pia, na sioni haya kusema hivyo. Asubuhi moja vidole vikatoka tena, nikapiga makofi peke yangu sebuleni.

Mume wangu alikuwa amesema atakawia siku chache. Alikawia mno, na kila gari lililosimama barabarani lilinitoa nje. Alipofika hatimaye, nilikuwa nimesimama mlangoni. Alitua mitungi, akanipita, akaenda kuinama mbele ya tangi.

"Pole, mpenzi," akaliambia. "Nimekuja."

Neno hilo sikuwahi kuitwa.

"Na mimi, baba watoto?" nikamuuliza.

Aligeuka akiwa na tabasamu, mtu mwenye furaha ya kweli, asiyejua kosa lolote.

"Wewe? Wewe nilijua uko tu."

Nilipata nilichokitaka. Alikaa, hakuhama tena mpaka tulipomzika. Na jibu lile liliniuma siku hiyo, na linaniuma hata sasa.